Kuzika vihisi ndani ya lami: mwongozo wa kuchunguza ushindiliaji maabarani

Sampuli ya lami ikitoka kwenye kalibu tunaipima hewani, tunaipima majini, tunakokotoa nafasi za hewa na kuandika namba moja kwenye fomu. Namba hiyo inahitajika, lakini inaeleza mwisho tu. Haisemi kokoto ziliendelea kugeuka mpaka lini, ziliacha lini kutafuta nafasi, wala kama nusu ya pili ya kazi ya mashine ilibana mchanganyiko au ilisaga mawe. Sampuli mbili zenye asilimia 4 ya hewa zinaweza kuwa zimefika hapo kwa njia mbili tofauti, na barabarani zikawa na umri tofauti.

Atakayeona upesi umuhimu wa kuijua njia hiyo ni mhandisi anayesanifu lami ya mlima kama Kitonga, pale Iringa, ambako malori ya Zambia na Kongo hupanda taratibu yakiwa na mzigo kamili, juani. Mwendo wa pole maana yake ni kwamba kila tairi linaikandamiza lami kwa muda mrefu zaidi. Magari yataendelea kuishindilia lami hiyo baada ya rola kuondoka, na ndiyo sababu usanifu wa barabara za mizigo mizito katika nchi za joto hudai hewa isipungue asilimia 3 hata mchanganyiko ukishindiliwa mpaka ugome, yaani usibanike tena. Kujua *lini* mawe yanashikana na kugoma ni swali la msingi, na kihisi kilichozikwa katikati ya kokoto hulijibu vizuri kuliko kifaa chochote kilicho nje ya kalibu.

Watafiti wa Pennsylvania State University huko Marekani wamelifanya hili kwa kihisi kiitwacho SmartRock, kilichoumbwa kama jiwe, wakikizika katika sampuli za mashine ya jairetori, inayobana lami kwenye kalibu huku ikiizungusha kwa kuiinamisha kidogo. Huhitaji kununua hicho. Kwa bajeti ya maabara ya chuo unaweza kuunda chako, ilimradi ukubali jambo moja tangu mwanzo: kihisi lazima kiwe jiwe kwanza, umeme baadaye. Kikiwa chepesi, laini au kikubwa mno, grafu zitatoka nzuri na zitakuwa zinaeleza tabia ya plastiki ndani ya lami, si ya kokoto.

Anza na mashine uliyo nayo

Mashine ya jairetori ndiyo inayofaa zaidi. Kalibu ina kipenyo cha milimita 150, shinikizo ni kilopaskali 600, pembe ya ndani ni nyuzi 1.16, na inafanya mizunguko 30 kwa dakika. Mwendo wake ni wa taratibu na unajirudia kila sekunde 2, kwa hiyo kila mzunguko unaweza kulinganishwa na uliotangulia. Isitoshe, mashine yenyewe hurekodi urefu wa sampuli kwa kila mzunguko, nawe unapata rekodi mbili za wakati mmoja: ya nje na ya ndani.

Maabara nyingi za kwetu zina nyundo ya Marshall, inayoshindilia sampuli kwa mapigo ya uzito unaoangushwa. Kalibu yake ya kawaida, milimita 101.6 kwa upana na sampuli ya urefu wa 63.5, ni finyu mno kwa kihisi cha milimita 25. Kanuni nzuri ni kipenyo cha kalibu kisipungue mara nne ya jiwe kubwa kuliko yote. Hapo uko ukingoni kabisa, na kwa urefu umeshavuka mpaka. Tumia kalibu ya inchi 6 yenye nyundo ya kilo 10.2 kama unayo. Nyundo inayotetema, ile ya kutafuta densiti ya kugoma, inafaa pia: kalibu yake ina upana wa kama milimita 152, na kila uso hutetemeshwa kwa dakika 2.

Kuunda jiwe

Chagua kokoto halisi ya ukubwa wa juu katika mchanganyiko wako, tuseme milimita 20 hadi 25, yenye kona na nyuso zilizovunjika. Itengenezee kalibu ya mpira wa silikoni, kisha humo mimina epoksi ya joto kali huku saketi ikiwa katikati. Njia hii naipendelea kuliko kuchapa umbo la mchemraba, kwa sababu kona za jiwe ndizo zinazoshikana na majirani.

Ukiamua kuchapa, angalia aina ya plastiki. PLA hulainika karibu na nyuzi joto 60 na ABS karibu na 105. Zote mbili zitaharibika ndani ya mchanganyiko wa nyuzi 145. PEEK, plastiki ya joto kali, inavumilia. Alumini haina usumaku na ni ngumu, ila inapitisha joto haraka na inazuia redio.

Uzito ndiko wengi wanakoharibu. Kokoto nyingi zina densiti ya karibu gramu 2.65 kwa sentimita ya ujazo, epoksi tupu ni kama 1.15. Ukichanganya epoksi na vumbi la mawe kwa asilimia 60 ya ujazo unafika 2.1 hivi, bado ni chini. Ongeza unga wa baraiti, madini mazito yenye densiti ya karibu 4.5, mpaka kihisi kizima pamoja na saketi yake kifikie 2.5 au zaidi. Usitumie unga wa chuma kwa kazi hii. Utavuruga kipima sumaku na mawimbi ya redio.

Ndani weka chipu yenye kipima mchapuko (mabadiliko ya kasi) cha mihimili mitatu na jairoskopu (kipima kasi ya mgeuko) ya mihimili mitatu. Kipima sumaku huja pamoja nazo mara nyingi, lakini ndani ya kalibu ya chuma usikiamini. Kwa jairetori, kiwango cha ±2 g (g ni mchapuko wa uvutano wa dunia) kinatosha, na kusoma mara 100 kwa sekunde ni zaidi ya mahitaji. Kwa nyundo ya Marshall mambo ni mengine: kilo 4.536 zikianguka milimita 457 hugonga kwa kasi ya karibu mita 3 kwa sekunde, na pigo huisha ndani ya milisekunde chache. Hapo unahitaji kipima cha ±200 g na usomaji wa mara elfu kadhaa kwa sekunde, vinginevyo vilele vyote vitakatwa na hutajua.

Joto, ambalo ndilo adui

Chipu nyingi zimeandikiwa kufanya kazi mpaka nyuzi 85, baadhi 125. Betri ndogo za lithiamu hazitakiwi kuvuka 60 hivi. Mchanganyiko wako kwa kawaida utakuwa kati ya 135 na 150. Hakuna chipu ya kawaida itakayokaa humo salama kwa saa nzima, kwa hiyo kinachotafutwa ni muda. Mizunguko 100 huchukua dakika 3 na sekunde 20. Mizunguko 160 dakika 5 na sekunde 20. Ongeza dakika mbili za kujaza kalibu. Ukipata dakika 8 kabla moyo wa kihisi haujafika kikomo chake, kazi inafanyika.

Pima muda huo kabla ya kugusa lami. Tengeneza kihisi cha majaribio chenye thamokapo (waya wa kupima joto) ya aina ya K mahali pa chipu, kizike kwenye mchanga uliokaushwa na kupashwa mpaka nyuzi 145, kisha andika joto kila sekunde 10. Mchanga hauiigi lami kikamilifu, kwa kuwa lami huishika ngozi ya kihisi na kuipitishia joto vizuri zaidi, kwa hiyo jiwekee akiba. Muda ukiwa mfupi, ongeza tabaka la kuzuia joto kuzunguka saketi au punguza mizunguko unayolenga.

Kuhusu betri, msimamo wangu ni huu: iweke nje kila inapowezekana. Waya mwembamba wenye ngozi ya silikoni au ya plastiki ya PTFE huvumilia nyuzi 200, na unaweza kupitishwa pembezoni mwa bamba la chini la kalibu. Waya utazuia mgeuko kidogo, ndiyo sababu unauacha umelegea na kujikunja kama springi karibu na kihisi. Betri ya lithiamu iliyofungiwa ndani ya lami ya moto inaweza kuvimba, kuwaka au kupasuka, na maabara yenye mafuta ya taa na mvuke wa lami si mahali pa kujaribu bahati. Kama ni lazima iwe ndani, sampuli hiyo isiachwe kwenye kalibu ipoe yenyewe. Ivunje ikiwa moto, toa kihisi, kiweke kwenye chombo cha mchanga mkavu nje ya jengo mpaka kipoe.

Redio nayo: kalibu ya chuma iliyofunikwa juu na chini huzuia Bluetooth. Wakati mwingine mawimbi hupenya kwenye upenyo wa pistoni inayobana sampuli, lakini usijenge utafiti juu ya wakati mwingine. Hifadhi data kwenye kumbukumbu ya kihisi chenyewe, au ipitishe kwenye waya.

Hakiki kabla ya moto

Weka kihisi juu ya meza iliyosawazishwa kwa pima maji, dakika moja kwa kila upande, pande sita. Kipima mchapuko kinapaswa kusoma 1 g kwenye mhimili ulio wima na karibu sifuri kwenye mingine. Jairoskopu isome sifuri. Isiposoma sifuri, hiyo tofauti ndiyo utakayoitoa baadaye. Kisha kiinamishe kwa nyuzi unazozijua, kwa kutumia kabari, uone kama kinarudisha nyuzi hizo hizo. Rudia vipimo hivi kihisi kikiwa na nyuzi 60, maana jairoskopu za bei nafuu hupotoka joto linapobadilika.

Halafu fanya zoezi baridi. Chukua kokoto zako zenye mpangilio ule ule wa ukubwa, zichanganye na oili nzito ya injini badala ya lami, ushindilie kwenye joto la chumba. Lami hushindiliwa ikiwa na mnato wa karibu paskali-sekunde 0.28, na oili nzito inaweza kukaribia hapo. Ipime mnato wake uchague inayofaa. Oili haiigi lami kwa kushika mawe, lakini zoezi hili linakufundisha kuweka kihisi, kuwasha, kuoanisha saa na kutoa faili bila kuunguza chochote. Fundi sanifu atakayekusaidia siku ya kazi awepo hapo pia.

Mpango wa sampuli

Chagua swali moja. Swali zuri la kuanzia ni joto: mchanganyiko ule ule, kwa nyuzi 145, 125 na 105. Kwa kila joto tengeneza sampuli tatu zenye kihisi na tatu zisizo nacho. Jumla ni 18. Sampuli ya milimita 150 kwa urefu wa 115 hubeba kama kilo 4.8, kwa hiyo andaa kilo 90 za mchanganyiko, na kokoto zote zitoke kwenye rundo moja, zikaushwe na kuchekechwa pamoja. Sampuli zisizo na kihisi zitakutia kishawishi cha kuzipunguza ili uokoe kazi. Zitunze. Bila hizo hutaweza kumjibu anayekuuliza kama kihisi chenyewe ndicho kilichobadilisha ushindiliaji.

Siku ya kushindilia

1. Pasha kalibu, mabamba na mchanganyiko mpaka joto lililopangwa. Mchanganyiko ukae kwenye oveni kwa muda ule ule kwa kila sampuli. Lami inazeeka ndani ya oveni.

2. Paka kihisi utando mwembamba wa lami ya moto, na kama muundo wake unaruhusu kipashe kwa muda mfupi mpaka nyuzi 60. Kihisi cha baridi hugandisha lami inayokizunguka na kujitengenezea ganda, kisha kinatembea na ganda lake badala ya kutembea na majirani.

3. Washa, kiache kitulie mezani sekunde 60. Hizi ndizo sekunde za kupata sifuri ya jairoskopu. Gonga meza mara tatu. Vilele vitatu kwenye faili vitakusaidia kuoanisha saa ya kihisi na video au rekodi ya mashine.

4. Mimina nusu ya mchanganyiko, sawazisha kwa mwiko. Weka kihisi katikati kwa koleo, mshale uliouchora juu yake ukitazama juu na alama yake ya pembeni ikielekea alama uliyochora kwenye ukingo wa kalibu. Zika ncha ya thamokapo karibu nacho.

5. Mimina nusu nyingine kwa mkono wa taratibu. Usichokoe kwa mwiko katikati.

6. Kama mashine yako inainamisha kalibu huku ikionekana kwa nje, bandika kihisi cha pili kwenye ukuta wake. Kitakupa mwendo wa kalibu yenyewe, na bila kujua mwendo huo utashindwa kutenganisha jiwe linalobebwa na jiwe linalogeuka.

7. Shindilia bila kusimama. Mara mizunguko ikiisha, toa sampuli, na kwa kihisi chenye betri fuata utaratibu wa kuivunja ikiwa moto.

Kama kihisi kitabaki ndani mpaka sampuli ipimwe majini, baadaye kitolewe kwa kuipasha sampuli taratibu hadi nyuzi 60, ambapo lami hulegea vya kutosha kufunguliwa kwa patasi. Futa kwa mafuta ya taa kidogo, kisha kagua nyufa kwenye epoksi kabla ya kukitumia tena.

Kusoma data

Toa wastani wa zile sekunde 60 za utulivu kutoka kila mhimili wa jairoskopu, kisha jumlisha kasi ya mgeuko kwa muda ili upate pembe. Makosa madogo yatalimbikizana, na baada ya dakika tatu pembe inaweza kuwa imetembea bila jiwe kutembea. Irekebishe kwa kutumia uvutano wa dunia unaosomwa na kipima mchapuko. Ndani ya jairetori hili linakubalika, kwa sababu mwendo wenyewe ni mpole: juu ya sampuli ya milimita 115, mchapuko wa ule mzunguko ni takriban 0.02 m/s², ukilinganisha na 9.81 ya uvutano. Kosa lake ni kama nyuzi 0.1. Mgeuko kuzunguka mhimili wa wima haurekebishwi kwa njia hii, kwa hiyo ripoti mihimili miwili ya mlalo na huo wa tatu uutaje kwa tahadhari.

Sasa kata faili katika vipande vya sekunde 2, kila kipande mzunguko mmoja. Katika kila kipande chukua pembe kubwa kabisa utoe ndogo kabisa. Hiyo ndiyo kiwango cha mgeuko kwa mzunguko huo. Ichore dhidi ya namba ya mzunguko, na kwenye ukurasa huo huo chora densiti inayotokana na urefu wa sampuli.

Kwa kawaida utaona sehemu tatu. Mwanzoni mawe yanatafuta nafasi, vipande haviko sawa, na pembe ya wastani ya jiwe inahama. Kisha mabadiliko yanapungua. Mwishoni kila mzunguko unafanana na uliotangulia: jiwe linabebwa na mwendo wa kalibu, halipati tena nafasi mpya. Mzunguko ambapo utulivu huo unaanza ndio wa thamani. Ulinganishe na ule unaopatikana kwa urefu, ambapo wahandisi wa jimbo la Illinois, Marekani, hutafuta mizunguko mitatu mfululizo yenye urefu ule ule, ikitanguliwa na jozi mbili za mizunguko yenye urefu sawa. Vikikaribiana katika nyuzi 145 na kuachana katika 105, umepata jambo la kuandika, kwa sababu katika baridi mchanganyiko unaweza kuacha kushuka kwa kuwa lami imekuwa nzito, huku mawe yakiwa bado hayajashikana.

Kwa nyundo ya Marshall usijaribu kupata pembe kutokana na uvutano wakati wa mapigo. Angalia kilele cha kila pigo na muda wake. Mchanganyiko unapokuwa mgumu, kilele hupanda na muda hufupika. Mkunjo wa vilele ukitulia kabla ya pigo la 75, la mwisho kwa kila upande, jiulize mapigo yaliyobaki yanafanya nini, kisha chekecha kokoto za sampuli hiyo baada ya kutoa lami uone kama zimevunjika.

Nafasi za hewa zenye kihisi ndani

Hapa kosa dogo linaharibu kazi kubwa. Tuseme sampuli ina ujazo wa 2,003 cm³, densiti ya juu kabisa ya mchanganyiko (usio na hewa) ni 2.500, na kihisi kina ujazo wa 16 cm³. Kihisi chepesi cha gramu 19 kikiwa ndani, sampuli inapima gramu 4,780. Ukigawanya moja kwa moja unapata 2.386, yaani hewa asilimia 4.54. Ukitoa kihisi kwanza, (4,780 − 19) kwa (2,003 − 16), unapata 2.396, hewa asilimia 4.16. Tofauti hiyo ya karibu asilimia 0.4 imetoka kwenye plastiki peke yake. Kihisi hicho hicho kikiwa na baraiti ya kutosha na kupima gramu 40, kosa linakaribia kupotea. Toa kihisi kwenye hesabu kila mara, hata kikiwa kizito.

Mwisho, chukua sampuli moja isiyo na kihisi na moja yenye nacho kutoka kila joto, zikate kwa msumeno wa almasi vipande vitatu vya mlalo, na upime densiti ya kila kipande. Yenye kihisi ikatwe baada ya kuhakikisha msumeno haupiti kwenye betri. Kipande cha katikati cha yenye kihisi kikiwa na hewa zaidi ya kile cha nyenzake kwa zaidi ya tofauti unayoiona kati ya sampuli tatu za aina moja, kihisi ni kikubwa au umbo lake halikubaliki na majirani. Punguza ukubwa, urudie joto moja tu kabla ya kurudia yote, na faili ghafi za majaribio yaliyotangulia uzihifadhi pamoja na joto la thamokapo, namba ya kihisi na upande ule mshale ulioelekea.